Udongo wa Kaburi Mdomoni mwa Mama Mkwe

Siku watu walipotaka kumchoma moto mama mkwe wangu ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na mdomoni alikuwa na udongo wa kaburi.

Sikusimuliwa. Udongo ule nilimtoa mimi mwenyewe kwa kidole.

Wakuu, naombeni mnisome hadi mwisho ndipo muanze kunitukana. Mtanitukana tu, na mtakuwa na haki zote.

Naitwa Suleman. Nimezaliwa Ngara mjini, ila ukivuka kizingiti cha nyumba yetu ulikuwa umeingia Pangani, pwani kabisa. Babu alikuja huku na biashara ya nguo, akaja na mambo yake yote. Sinia moja, mikono yote. Kwetu mtu mzima akila peke yake pembeni, majirani wanauliza kuna ugomvi gani.

Mke wangu Francisca ni Mkatoliki wa Murukulazo, binti wa wakulima. Tulioana bomani, kwa DC. Ndugu wa pande zote mbili walinuna mwaka mzima, halafu wakachoka wenyewe.

Nilikuwa dereva wa lori, Dar kwenda Rusumo. Mwaka juzi nikapinduka kwenye pori la Biharamulo, mguu wa kulia ukavunjika sehemu tatu. Nikarudishwa nyumbani, kitongoji kimoja nje kidogo ya Rusumo ambacho jina nalihifadhi, nikiwa na magongo mawili na hasira za watu kumi.

Hasira nilikuwa nazo tangu zamani, nisiwadanganye. Mkono wangu ni mwepesi. Barabarani nimepigana na matingo, wale wasaidizi wa lori, nimepigana na wapakiaji, nimepigana hata na mtu aliyekuja kuamua.

Nyumbani tayari alikuwapo mama mkwe, Mama Clotilda, tangu nikiwa bado barabarani. Migomba yake ya Murukulazo ilikauka yote kwa mnyauko, Francisca akamchukua aishi kwetu. Miaka sabini na nane, meno manne, na mdomo wa utani kuliko wa vijana.

Nilipokuwa safarini, kila nikirudi namkuta amenenepa kidogo. Nilipokuja kukaa moja kwa moja, akaanza kukonda.

Shikeni hapo, tutaparudia.

Francisca ni mama lishe pale mpakani wanapoegesha malori. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi giza limeshaingia. Mchana nyumbani tulikuwa watu watatu: mimi, mama mkwe, na Clarisse, mwanamke mjane wa Kabanga, umri wa miaka hamsini hivi, aliyekuwa anatusaidia jikoni na shambani.

Wiki yangu ya kwanza Francisca aliniambia, "Mama mwache ale jikoni na Clarisse. Ndiko alikozoea."

Nikaruka juu. "Jikoni? Mama yako ale jikoni kama mtumwa, na mimi nimekaa sebuleni? Kwetu mkubwa ndiye anayetangulia kunawa!"

Basi kila mchana nikawa naliweka sinia mkekani, namwita mwenyewe. "Mama, shikamoo. Karibu tule."

"Marahaba, baba."

Anakaa upande. Anakata tonge dogo, analizungusha mkononi, anaangalia ukutani. Baada ya muda anasema, "Nimeshiba, baba. Mungu akubariki." Anainuka.

Nikajua ni uzee. Wazee si wanakula kama ndege?

Mhudumu wa afya wa kitongoji chetu, Priscila, alikuwa anapita na mizani yake. Mwezi wa sita mama alikuwa kilo arobaini na saba. Mwezi wa nane, arobaini na moja.

Priscila akavua miwani. "Kaka Suleman, huyu mama anakula?"

"Anakula! Mimi mwenyewe namtengea."

"Sijauliza kutengewa. Nauliza kumeza. Mzee anahitaji yai, dagaa, maharage yapondwe kwa sababu meno hana. Kidogo kidogo, mara nyingi. Uzee haukondeshi mtu kilo sita kwa miezi miwili. Kuna kitu hapa."

Kuna kitu hapa. Hayo maneno yaliniingia kichwani yakakaa. Nikaanza kutafuta mwizi.

Sikutafuta mbali. Siku moja baada ya chakula, mama ameshasema ameshiba, ameshatoka, nikasikia sahani inagonga nyuma ya jiko. Nikajikongoja. Magongo yangu yalikuwa yanalia kwenye ile sakafu, ko, ko, ko, mtu wa nyumba ya tatu anasikia.

Nilipopinda kona nikamkuta Clarisse amechuchumaa. Mkononi ana sahani ya mama, ile ya bati yenye ua jekundu. Ndani ndizi zimepondwa na dagaa. Na mdomoni mwa Clarisse kulikuwa na nusu ya yai, yai ambalo nililinunua kwa ajili ya mama.

Damu ikanipanda.

"Kumbe ni wewe unayemuua mama!"

Pigo la kwanza la gongo lilimpata mkononi, nikasikia mfupa. La pili nililielekeza begani, akainama, likatua mdomoni. Jino likadondoka kwenye majivu. Damu na kiini cha yai vikachanganyika kwenye kidevu chake.

"Muulize mama!" alipiga kelele. "Muulize mama mwenyewe!"

Mama Clotilda alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la kuni, hatua tatu tu kutoka pale, amejiziba mdomo kwa kitenge.

"Mama," nikasema, nahema, "huyu amekuwa anakula chakula chako?"

Clarisse alimtazama. Mama akatikisa kichwa taratibu sana, machozi yanamtoka. Nikaona ni uchungu wa kuibiwa. Clarisse akafunga mdomo wake uliopasuka na hakusema neno tena. Alifunga kibegi chake kwa mkono mmoja, ule mwingine unaning'inia, akaenda kutafuta gari la Kabanga.

Francisca aliporudi nikamsimulia nimetanua kifua. Nilitegemea atanishukuru.

Alikaa chini, palepale kwenye vumbi, na sufuria zake kichwani hajazitua. "Umemfukuza Clarisse? Sasa mama atakula na nani?"

"Na mimi!"

Akafungua mdomo kusema kitu. Kisha macho yake yakashuka kwenye gongo langu, bado lilikuwa na damu, na mdomo akaufunga.

Asubuhi yake akaniambia kwa upole, "Mchana uwe unaenda kijiweni basi, ukapunge upepo kidogo."

"Nimwache mama peke yake baada ya hayo yote? Sitoki hapa."

Na kweli sikutoka. Wiki tatu nzima nilikaa na yule mama kama askari wa benki. Namtengea, nakaa, namtazama. "Kula, mama. Hakuna wa kukuibia sasa." Nikigeuka kuchukua maji, nikirudi tonge limekwisha, na lingine limekwisha. Nikafurahi. Nikamwambia Priscila kwa simu kwamba mwizi nimemshughulikia na mama sasa hivi anakula vizuri.

Kuku wetu walikuwa wananenepa kipindi kile. Nikasema ni mvua.

Sasa, jirani yetu Ndayisaba alifiwa na mtoto. Mtoto wa miaka miwili, homa ya siku nne. Walimzika nyuma ya nyumba yao, mkabala na shamba letu la mihogo. Tulizika wote, hata mimi na magongo yangu nilitupia udongo.

Siku ya tano mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likachomoza. Nilikuwa bafuni nikasikia mwanamke anapiga ukunga. Halafu sauti za wanaume. Halafu neno moja, linapokelewa kutoka nyumba hadi nyumba.

"Mrozi! Mchawi! Anamla mtoto!"

Nikatoka na taulo na gongo moja. Lile la pili sijui nililiacha wapi.

Mama Clotilda alikuwa amekaa juu ya kaburi la yule mtoto, miguu ameinyoosha. Mkononi ana bonge la udongo, ule mwekundu wa chini uliochimbuliwa siku ya mazishi, umelowa mvua. Alikuwa anakula. Anamega, anatia mdomoni, anatafuna na meno yake manne, na macho ameyafumba.

Wallahi, hata mimi roho iliniruka. Kwa sekunde moja niliamini.

Jiwe la kwanza lilimpata kisogoni. Hakupiga kelele, aliinama tu kama mtu anayesali. La pili likampata mgongoni. Ndayisaba alifika akamshika nywele nyeupe zile, akamburuta kutoka juu ya kaburi hadi njiani.

"Umemla mwanangu! Hujashiba? Hujashiba?"

Teke la tumbo. Teke la mbavu. Yule mama alikuwa mwepesi kiasi kwamba kila teke lilimhamisha.

Nilimfikia Ndayisaba nikampiga gongo la shingo, akaenda chini. Nikageuka nikampiga mwingine simjui ni nani. Kijana mmoja alinikata na panga hapa, kwenye mkono wa kushoto, nyama ikafunguka nikauona mfupa mweupe kabla damu haijatoka. Gongo likanitoka. Mguu mbovu ukakataa. Nikaanguka juu ya mama mkwe wangu, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya, nikabaki hapohapo juu yake.

Walitupiga wote wawili. Nilihesabu mbavu zangu zinavyovunjika, wa kwanza, wa pili, baadaye nikaacha. Chini yangu nilisikia anahema kama kifaranga, udongo unamkaba, nikamtia kidole mdomoni nikautoa.

Ndipo nikasikia baridi mgongoni. Harufu ikaja baadaye. Petroli. Venance, kijana wa bodaboda ambaye mama alikuwa akimwita mume wake kwa utani, alikuwa ameifyonza kwenye tangi lake na kutumwagia. Mtu akatupa tairi. Mwingine anauliza, "Nani ana kiberiti? Kiberiti!"

Kijiji kizima cha watu wanaovuta sigara, kiberiti kikakosekana kwa dakika moja. Mungu si Athumani.

Katika dakika hiyo Priscila alifika. Alipita katikati yao na begi lake la mizani, akapiga magoti kwenye petroli, akanisukuma pembeni, akamfunua mama kope la chini kwa kidole gumba.

"Njooni muone!" alifoka. "Wewe mwenye panga, njoo! Kope la mtu linakuwa jekundu ndani. Hili ni rangi gani?"

Lilikuwa jeupe. Jeupe kama karatasi ya daftari.

"Huyu hana damu mwilini! Mtu asiye na damu anatamani udongo, na udongo mzuri ni uliotoka chini. Hakuja kumla mtoto wa mtu. Alisikia harufu ya udongo!"

"Mwongo!" mtu akapiga kelele.

Priscila akasimama, akamgeukia Ndayisaba. "Mimba ya huyu mtoto, nani alimkuta mkeo anakula udongo wa kichuguu? Si mimi? Nilimwita mchawi siku ile, au nilimpa vidonge vya damu?"

Mke wa Ndayisaba alikuwa hapohapo. Alianza kulia, kisha akaitikia kwa kichwa.

Ndayisaba alikuwa ameshika jiwe. Alilitazama, akaliweka chini taratibu, akaenda kukaa kando ya kaburi la mwanawe na kuanza kulia upya. Wengine wakaanza kukumbuka kwamba wana kazi mashambani. Venance ndiye aliyetubeba mimi na mama kwa pikipiki ileile, mafuta yakiwa yamebaki ya kufika kwa shida, na njia nzima hakunitazama usoni.

Hospitali walisema damu ya mama ni nne, wakati ya mtu mzima inatakiwa kuanzia kumi na mbili. Uzito kilo thelathini na nne. Madereva wawili wanaokula kwa Francisca walijitolea damu bila kuombwa mara mbili. Fikirieni hilo. Mke wangu alikuwa analisha madereva wa nchi nne, na mama yake anakula udongo.

Mimi nikashonwa nyuzi kumi na tisa. Jioni yake nikaenda kukaa kando ya kitanda chake. Francisca alikuwa ameleta ndizi zilizopondwa, supu ya samaki na yai la kuchemsha.

"Kula, mama."

"Nimeshiba, baba."

"Mama, kwa jina la Mungu. Kijiko kimoja."

Akatazama ukutani. Uso wake umevimba, jicho moja limefunga, na bado anatazama ukutani. Nilianza kulia. Nesi akaja akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha, nitoke, abaki Francisca wa kumuuguza.

Nilifika nje nikakumbuka simu. Nikarudi. Gongo nilikuwa nimeliegemeza kwenye korido, nikaenda kwa kushika ukuta, bila mlio wowote.

Mama Clotilda alikuwa anakula.

Alikuwa amekaa, sahani mapajani, anakula kwa mikono miwili. Ndizi, supu, yai lote kwa mkupuo, anasukuma na kidole. Sijawahi kuona mtu ana njaa namna ile, na nimelala porini na matingo waliokaa siku mbili bila kula.

Akainua macho akaniona.

Wakuu, kitu alichofanya kinanipiga hadi leo kuliko lile panga. Alilitoa yai mdomoni. Akalitema kiganjani, akalificha chini ya shuka, akajifunika mdomo kwa kitenge na kusema, "Nisamehe, baba. Sikukusikia unakuja."

Hakusikia magongo.

Nikamgeukia Francisca. Alikuwa analia tayari.

"Kwetu mama hatii chakula mdomoni mbele ya mkwe," alisema. "Ni kama kumvulia nguo. Wengi wameacha, yeye hakuacha. Bora afe. Ulipokuwa safarini alikuwa anakula vizuri. Ulipokaa nyumbani, Clarisse ndiye aliyekuwa anamlisha kwa siri nyuma ya jiko. Wakisikia magongo yako, mama anakimbilia bandani, na Clarisse anabaki na sahani. Ndiyo maana alitia lile yai mdomoni. Alikuwa anamstiri mama asiaibike mbele yako."

"Na zile wiki tatu?"

"Uji wa alfajiri, wewe ukiwa umelala. Basi. Matonge alikuwa anayaficha kwenye kitenge, anawapa kuku."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama sana. "Nilitaka. Nikaliona gongo."

Mwizi niliyemtafuta kwa fimbo nyumba nzima kumbe ni mimi. Nilimkalia mama mlangoni nikihakikisha hapati kula, na kila siku nilikuwa namwomba Mungu anilipe kwa wema wangu.

Nilimfuata Clarisse Kabanga. Nilimkuta anauza nyanya karibu na wabadilisha fedha, mkono umeunga kwa kupinda, pengo mbele. Nilipiga magoti watu wakitazama. Mwanaume mzima, nyanya zimenizunguka.

"Mama yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai."

"Basi mwambie siri yake niliitunza." Akamgeukia mteja. Hakurudi kwetu, na sina uso wa kumlaumu.

Mama Clotilda sasa ana kilo arobaini na sita. Udongo haujui tena. Juzi amenitania kwamba nimekuwa na kitambi kama mjamzito. Priscila bado anapita na mizani.

Wewe mwenye mzee nyumbani, usiridhike kwa sababu chakula kimepikwa, au kwa sababu wewe ndiye umekipakua. Jua kama ana meno ya kukitafuna. Jua anakula na nani, na nani akiwepo hagusi chakula. Muulize anayemjua kuliko wewe, na kwanza uhakikishe huyo mtu hakuogopi. Hasira hasara, lakini hasara yangu walilipa watu wengine.

Mimi siku hizi ikifika saa saba natenga chakula, naaga, naenda kijiweni. Nikirudi, naanzia mbali kuligonga gongo chini, ko, ko, ko, mama apate muda wa kumeza na kujifuta mdomo.

Mguu ulipona zamani. Nalibeba ili anisikie.